Mtoto anaenda Alabama, atapata Misa kweli?

SWALI: Habari mhariri, mimi ni mama wa hapa Ediofe, Arua, Mkatoliki tangu kwa bibi yangu, na niko Lejio ya Maria. Kijana wangu wa mwisho amepata nafasi ya kusoma Alabama, Marekani. Jirani yangu mlokole akacheka, akasema huko ni Wabaptisti tupu, mtoto atarudi ameokoka na rozari ameshaitupa. Tangu siku hiyo usingizi umekataa. Nisaidie.
Mama wa Ediofe

JIBU: Mama, pole na mawazo, lakini huyo jirani amekupa nusu ya habari. Nusu hiyo ni kweli, majimbo ya kusini ya Marekani ni ya Waprotestanti hasa, kwa uchunguzi wa Pew wa 2014 Wakatoliki wa Alabama walikuwa kama 7 tu katika kila watu 100. Sasa linganisha na sisi Uganda, sensa ya mwaka huohuo ilitupa karibu 39 kwa 100. Kwa hiyo kijana atoke akijua kwamba anaenda kuwa mtu wa wachache.

Nusu ambayo hakukwambia ni hii. Ile EWTN, televisheni ya Kikatoliki inayofika mpaka huku kwetu, unadhani ilianzia Roma? Ilianzia Irondale, nje kidogo ya Birmingham, Alabama hiyohiyo! Mama Angelica, sista wa Waklara Maskini, aliianza 1981 kwenye garaji ya monasteri, mkononi ana dola 200, na baadaye wakajenga kanisa kubwa la hija kule Hanceville, likatabarukiwa 1999, watu wanakwenda kusali kama sisi tunavyokwenda Namugongo kwa Mashahidi wa Uganda, isipokuwa kule hawaendi kwa miguu kutoka wilayani kwao hahaha.

Na si Alabama peke yake. Knoxville, Tennessee, walitabaruku kathedrali mpya 2018, Raleigh ya North Carolina 2017. Wakati huohuo miji ya kaskazini, ile iliyojaa Wakatoliki tangu zamani, inaunganisha parokia na kufunga makanisa. Kwa nini kusini Wakatoliki wanaongezeka? Kwanza watu wamehama kufuata kazi, wa kaskazini wameshuka kusini, Wameksiko na Waguatemala wamekuja, Wavietnamu, Wafilipino, Wanaijeria, ndio maana parokia nyingi Jumapili kuna Misa ya Kiingereza na nyingine ya Kihispania. Halafu kuna Waprotestanti wanaobatizwa au kupokelewa usiku wa Pasaka, hao ukiwasikia wanavyojua katekisimu utaona aibu.

Lakini mimi naona sababu kubwa ni nyingine. Hapo Ediofe ukisema wewe Mkatoliki nani atakuuliza kwa nini? Mtu anaweza kuwa Mkatoliki usingizini mpaka anazikwa. Kule kijana wako wiki ya kwanza tu darasani ataulizwa umeokoka? mbona mnamwomba Maria? kwa nini mnaungama kwa mtu? Anayelazimika kujibu hivyo imani yake haisinzii. Ni maswali ya huyohuyo jirani yako, mama, kwa hiyo mwache kijana akae naye jioni mbili tatu kabla ya safari ajizoeze kujibu, bila ugomvi.

Mengine madogo. Abebe cheti cha ubatizo na barua ya paroko. Atafute mapema kama chuo kina huduma ya wanafunzi Wakatoliki, maana kanisa linaweza kuwa mbali na boda hakuna, atahitaji rafiki mwenye gari. Misa ni kama saa moja hivi, hakuna vigelegele wala mbuzi wa matoleo, mtu wa Arua atadhani padri ana haraka. Ila Ijumaa za Kwaresima parokia nyingi zinakaanga samaki na kuuza, hata majirani wa madhehebu mengine wanapanga foleni, asikose.

SWALI: Mimi mwanafunzi, Mbarara. Kwani Masaka Wakatoliki walitoka wapi wengi hivyo?

JIBU: Walitoka Mengo, makao ya Kabaka wa Buganda, wakikimbia, bana. Januari 1892 Waganda walioitwa Wafransa, yaani Wakatoliki, walipigana na wenzao walioitwa Wangereza, yaani Waprotestanti, na Lugard, kapteni wa kampuni ya Kiingereza, akawasaidia hao wa pili kwa bunduki yake ya Maxim, kwa hiyo matokeo unayajua. Kwenye mapatano Wakatoliki wakapewa Buddu, ndiyo huko Masaka, wakahamia na familia zao na wakaanza kujenga. Miaka 47 baadaye, 1939, Joseph Kiwanuka akawekwa askofu Mkatoliki wa kwanza Mwafrika mweusi wa nyakati hizi, na kazi aliyopewa ni Masaka hiyohiyo.