Kabla hujasasisha programu ya kamera yako ya video

Kama una harusi Jumamosi na leo ni Alhamisi, usiiguse programu ya kamera yako. Naanza na hilo kwa sababu ndilo kosa lililonigharimu. Kila kijana anaponipigia simu na kusema "kaka, toleo jipya la kamera yangu limetoka, niweke?" mimi humuuliza kwanza: kazi yako inayofuata ni lini?

Programu ninayoizungumzia ni ile inayoishi ndani ya kamera yenyewe, ile mafundi wa Kariakoo huiita famuwea. Ndiyo inayoamua kamera irekodi fremu, yaani picha, ngapi kwa sekunde, sauti iingie kwa njia gani, fokasi, yaani ukali wa picha, imfuate nani, kitufe kipi kifanye nini. Mtengenezaji akiibadilisha, umbo na lenzi vinabaki vilevile lakini kamera uliyoishika si ile ya jana. Ichukulie hivyo: ni kamera mpya ambayo hujawahi kwenda nayo kazini.

Yangu yalinikuta Tanga, kwenye nikahi. Toleo jipya liliahidi fokasi inayoushika uso vizuri zaidi, nami nililitaka sana, kwani maharusi wakiingia ukumbini katikati ya umati fokasi ilikuwa ikiwaacha na kuhamia kwa watu wa nyuma. Nikaliweka Alhamisi usiku. Dakika kumi, kazi imekwisha, kamera ikawaka, nikapiga video fupi ya mwanangu sebuleni. Uso ulishikwa barabara. Nikalala nimeridhika.

Jumamosi baada ya Alasiri tukawa msikitini. Nilivuta waya kutoka kwenye mikisa ya msikiti, ile mashine ya kuchanganyia sauti, hadi kwenye kamera, kama nilivyozoea. Sauti inayotoka kwenye mikisa huwa na nguvu nyingi kuliko ya maiki, na kwenye menyu lazima uiambie kamera kwamba kinachoingia ni laini, si maiki. Mimi nilikuwa nimeshaiambia miaka miwili nyuma, hata nikasahau kwamba kuna kitu kama hicho. Kumbe kusasisha kule kulirudisha menyu nzima kama ilivyotoka kiwandani. Mpangilio wa kioo nao ulirudi mwanzo, vile vijiti vinavyoonyesha ukubwa wa sauti vikafichika. Hedifoni zilikuwa kwenye begi. Nikarekodi khutba yote, nikarekodi mkono kwa mkono, nikarekodi "nimekubali kumuoa", na kila neno lilikuwa limepasuka.

Mama wa bibi harusi hakuwepo msikitini. Kwa desturi yetu wanawake walibaki nyumbani na bibi harusi wakisubiri habari, kwa hiyo maneno yale mama alikuwa ayasikie kwa mara ya kwanza kwenye video yangu. Alinipigia simu siku ileile niliyompelekea. Hakufoka. Aliniambia, "Mwanangu, mbona sauti ya mkwe wangu inakwaruza? Hapa anapokubali simsikii." Nikasema, "Nisamehe mama, kosa ni langu," na sikuwa na la kuongeza.

Sauti iliyopasuka namna ile hairudi, hata uwe na programu gani ya kuhariri. Kilichoniokoa ni simu ya ami yake bwana harusi, aliyekaa safu ya pili na kurekodi kwa ajili ya ndugu walioko Muscat. Nikakesha siku mbili nikiipanga sauti ya simu juu ya midomo ya bwana harusi. Panga boi lilisikika likizunguka, lakini maneno yalieleweka. Malipo yaliyobaki sikuyachukua.

Sasa usije ukadhani nakukataza. Kuna kamera ambazo bila kusasishwa zisingetufaa kabisa huku kwetu. Chukua Canon EOS 5D Mark II, iliyotangazwa mwaka 2008. Picha yake iliwashangaza wengi, ila ilikuwa inarekodi fremu 30 kwa sekunde tu, na kwenye video kasi ya shata, yaani muda ambao kila fremu inapokea mwanga, ilijichagulia yenyewe. Umeme wetu ni wa hezi 50. Taa za tyubu zikiwashwa kwa umeme huo hupepesa mara 100 kila sekunde. Jicho halioni, kamera inaona. Shata ikiwa 1/50 ya sekunde, kila fremu inapata mipepeso miwili kamili na mwanga unatulia. Ikijichagulia 1/60 au nyingine isiyolingana na taa, ukumbi mzima unaanza kupumua: mwanga, giza, mwanga, giza. Mwaka 2009 Canon walitoa programu iliyomruhusu mpiga video kuchagua shata, ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) na tundu la lenzi mwenyewe. Machi 2010 wakaongeza fremu 24 na 25, pamoja na uwezo wa kupanga kiwango cha sauti kwa mkono. Mtu aliyeinunua kwa fedha nyingi akajikuta, bila kuongeza senti, ana kamera inayoendana na taa za ukumbi wake.

Lakini hadithi hiyohiyo ina upande wa pili. Toleo la kwanza kabisa la Machi 2010 liliondolewa ndani ya siku chache, kwa sababu kwenye mipangilio fulani kamera ilikuwa hairekodi sauti. Wakalirekebisha haraka. Waliowahi usiku wa kwanza ndio waliokuwa hatarini, wenye subira wakapata lililotengemaa. Tangu nilipoijua habari hiyo mimi husubiri wiki tatu au nne baada ya toleo kutoka, nisome wenzangu wanalalamikia nini. Na angalia: sauti tena.

Faida nyingine huja na mzigo wake. Panasonic GH5 ilitoka mwaka 2017, na Septemba ya mwaka huohuo ikapata programu iliyoiwezesha kurekodi kwa megabiti 400 kwa sekunde, rangi za biti 10, yaani zenye ngazi nyingi zaidi. Ni zawadi kubwa. Piga hesabu sasa: megabiti 400 ni megabaiti 50 kila sekunde, yaani gigabaiti 3 kwa dakika. Memori kadi ya gigabaiti 64 inajaa ndani ya dakika ishirini na moja hivi, kabla MC hajamaliza kutambulisha meza kuu. Na kadi ya kawaida haiwezi kupokea kwa kasi hiyo, itakatisha kurekodi katikati. Kompyuta yako nayo iandae kwa kukwamakwama. Kwa harusi ya saa sita mimi siutumii mpangilio wa namna hiyo. Nautumia kwenye tangazo fupi ambapo rangi zitafanyiwa kazi sana.

Ukiamua kuweka, kaa chini ufanye kwa utulivu. Kwanza piga picha kwa simu yako kila ukurasa wa menyu ya kamera, mmoja baada ya mwingine, hadi mwisho. Kurasa zangu zilifika arobaini na kidogo, na ndizo ninazozifuata kurudisha mipangilio. Faili lichukue kwenye tovuti ya mtengenezaji mwenyewe, si kwenye kundi la WhatsApp, na hakikisha ni la modeli yako hasa. Herufi moja ya ziada kwenye jina la kamera inamaanisha kamera nyingine. Kadi ifomatiwe ndani ya kamera. Faili likishafunguliwa kutoka kwenye kifurushi chake, liweke juu kabisa ya kadi, nje ya mafolda yote. Wengi wanaoniambia "kamera hailioni faili" wamelitumbukiza kwenye folda la picha.

Betri iwe ya asili na imejaa. Mstari ukianza kutembea kwenye kioo, usibonyeze kitu, usifungue mlango wa kadi, usiizime hata ukiona umesimama. Wangu uliwahi kusimama karibu na mwisho kwa muda ambao kwangu ulikuwa kama saa nzima, mikono nimeiweka magotini, kisha ukamalizia. Kamera ikizimika hapo katikati inaweza isiwake tena, na hapo dawa ni fundi mwenye vifaa vya kiwanda. Zile zinazosasishwa kwa waya wa kompyuta, tumia laptopu yenye chaji, maana umeme ukikatika kompyuta ya mezani inazimika na kazi inakatika nayo.

Betri za bandia nazo zitazame. Mwaka 2009 Panasonic walitangaza programu ya baadhi ya kamera zao ambayo baada ya kuwekwa inazikataa betri za watengenezaji wengine, wakieleza kuwa ni kwa usalama. Kama begi lako lina betri sita na tano kati yake si za asili, zijaribu zote baada ya kusasisha, moja moja. Gimbo, kile kishikio cha kuituliza kamera, kama ndiyo inayoendesha fokasi iunganishe, maiki zisizo na waya ziunganishe, skrini ya nje ichomeke. Na kama una kamera mbili za aina moja, zote ziwe toleo moja, la sivyo rangi na menyu zitakuchanganya katikati ya kazi.

Kuna wanaoniuliza kuhusu kamera za mtumba kutoka Japani. Nyingi za Sony zilizotengenezwa kwa soko la ndani la huko zina menyu ya Kijapani peke yake, na kusasisha hakutakuongezea lugha. Usinunue kwa tumaini hilo.

Na kurudi nyuma mara nyingi haiwezekani. Kamera nyingi hulikataa toleo la zamani baada ya kupokea jipya. Kwa hiyo soma maelezo ya toleo, yale mafupi yanayowekwa kando ya faili, kisha jiulize ni lipi kati ya hayo linalokugusa. Kama limeongeza uwezo wa kutumia lenzi ambayo huna na lugha usiyoisoma, na kamera yako inafanya kazi vizuri, iache. Kama linarekebisha tatizo linalokutesa, liweke, ukishapata nafasi.

Nafasi hiyo mimi naipata Ramadhani. Harusi zetu zinasimama mwezi mzima, simu inatulia, na baada ya Tarawehe nyumba inakuwa kimya kiasi cha kusikia mkwaruzo wowote kwenye hedifoni. Naweka programu, narudisha mipangilio kwa zile picha za simu, nachomeka mikisa yangu ndogo, namwambia mke wangu asome aya chache nikirekodi saa nzima mfululizo chini ya taa za sebuleni. Kisha namwita asikilize yeye, kutoka mwanzo hadi mwisho, ndipo kamera inarudi kwenye begi kusubiri Shawwal.