Ngoma za watemi zilizoko Ulaya: maswali yenu na majibu yetu

Maswali ya safari hii yametoka Nansio, Kisesa, Bukoba, Musoma na hapa Mwanza mjini, na karibu yote yanagusa jambo moja: vitu vya wazee wetu vilivyomo kwenye makumbusho ya Ulaya virudi, au vibaki huko? Msimamo wetu ni kwamba virudi. Ila anayedai bila namba ya kitu, bila jina la mahali kilikotoka na bila chumba cha kukipokea ataandikiwa barua nzuri, na kitu kitabaki kulekule.

Wazee wanasema ngoma ya mtemi wetu ilichukuliwa na Wajerumani. Nitajuaje iko wapi? (Nansio, Ukerewe)

Anzia Berlin. Mwaka 1889 serikali ya Ujerumani iliamua kwamba vitu vilivyokusanywa makoloni na misafara ya dola vipelekwe kwanza kwenye makumbusho ya Berlin. Vilivyoonekana kufanana ndivyo viligawiwa miji mingine, ikiwemo Leipzig na Stuttgart. Kwa hiyo ukikosa Berlin, endelea na miji hiyo.

Orodha ya Berlin inasomeka bure mtandaoni, kwenye recherche.smb.museum. Vitu vya Afrika Mashariki vina namba zinazoanza na III E. Wengi hukosa kwa sababu wanatafuta kwa tahajia ya leo. Mjerumani aliandika Mwanza "Muansa", ziwa akaliita "Viktoria-Njansa", na Wasukuma aliwaandika "Wassukuma". Jaribu kila tahajia, kisha ongeza jina la kitu kwa Kijerumani: Trommel ni ngoma, Hocker ni kigoda, Speer ni mkuki, Schild ni ngao.

Ukikipata, nakili namba nzima, vipimo, jina la aliyekikusanya (litaandikwa "Sammler") na mwaka kilipoingia. Angalia hapo: mwaka wa kuingia makumbusho si mwaka wa kuchukuliwa, maana kitu kiliweza kukaa miaka nyumbani kwa ofisa kabla ya kutolewa au kuuzwa. Kama mkusanyaji alikuwa mwanajeshi, na miaka yake huku inaangukia kwenye vita au adhabu ya kijeshi dhidi ya himaya yenu, una hoja nzito. Vitu vingi havina picha. Waandikie kwa namba hiyo uombe picha na nakala ya faili la upokeaji. Orodha ni muhtasari tu. Barua za mkusanyaji, anapoeleza mwenyewe alivyokipata, zimo kwenye faili.

Halafu karatasi zote zipeleke Makumbusho ya Taifa. Kwa ukanda wetu tawi lililo karibu ni Makumbusho ya Mwalimu Nyerere, Butiama. Makumbusho za Ulaya kwa kawaida hutaka kuzungumza na serikali, na familia mbili zikidai kitu kimoja kila moja kivyake, madai yote mawili hudhoofika.

Uganda walipata vitu vyao mwaka juzi, nasikia ni mkopo. Mkopo ni kurudisha? (Bukoba)

Hapana. Juni 2024 Chuo Kikuu cha Cambridge kilipeleka Kampala vitu 39, na mkataba wake ni wa mkopo wa miaka mitatu unaoweza kuongezwa. Mwaka huohuo makumbusho mbili za London ziliwapelekea Waasante wa Ghana vitu 32 kwa masharti yanayofanana na hayo. British Museum, mojawapo ya hizo mbili, inajitetea kwa sheria yake ya mwaka 1963, inayoibana isitoe vitu vyake isipokuwa kwa sababu chache sana. Ni sheria ya Bunge lao, na Bunge lao linaweza kuibadili.

Ujerumani ilionyesha njia nyingine mwaka 2022. Berlin ilihamishia Nigeria umiliki wa vitu 512 vya himaya ya kale ya Benin (iliyokuwa katika Nigeria ya leo) vilivyotokana na uporaji wa Waingereza wa mwaka 1897, kisha Nigeria, ikiwa mwenye mali, ikakubali takribani theluthi moja vibaki Berlin kwa mkopo. Umiliki kwanza, safari baadaye. Tunasisitiza mpangilio huo kwa sababu anayepokea mali yake kwa mkopo anaweka saini kukiri kwamba si yake. Kama mkopo ndio pekee unaopatikana kwa sasa, hakikisha mkataba una kifungu kinachosema wazi kwamba kuupokea hakufuti dai la umiliki.

Ngoma ikirudi, tunaweza kuipiga siku ya sherehe? (Kisesa)

Usiipige kabla haijapimwa. Swali hili lina uzito kwenu, maana pale Bujora, kwenye makumbusho ya Wasukuma, ngoma za watemi bado hupigwa kwenye sikukuu na mapokezi, hazikai tu za kutazamwa.

Kwa miongo mingi makumbusho za Ulaya zilipambana na wadudu kwa kupaka au kunyunyizia arseniki na chumvi za zebaki, baadaye DDT. Ngozi, manyoya na mbao ndizo zilizopata dozi kubwa. Sumu hizo haziishi nguvu kwa kukaa. Ngoma ikipigwa, ngozi inatikisika na vumbi linaruka usoni kwa mpigaji. Akijifuta jasho, linaingia mdomoni.

Dai majibu ya vipimo kabla sanduku halijafungwa huko linakotoka, na yawe ya aina mbili. Kipimo cha eksirei cha kushika mkononi kinaonyesha arseniki, zebaki na risasi bila kukwaruza kitu, ila DDT hakiikamati vizuri. Hiyo inahitaji pamba ipitishwe juu ya ngozi, kisha ipelekwe maabara. Mpaka majibu yatoke, shika kwa glavu za nitrili, vaa barakoa ya kuzuia vumbi laini (si ile ya kitambaa), na nguo za kazi zifuliwe peke yake.

Jambo la pili ni unyevu. Ghala la Ulaya hushikilia unyevu wa hewa karibu asilimia 50. Hapa ziwani masika inapita 70 kwa urahisi. Ngozi iliyowambwa hulegea ikipata unyevu na hukaza ikikauka, na kwa kuwa ubao nao unavimba na kusinyaa kwa kasi yake, ngozi huchanika pembeni, kwenye matundu ya vigingi au kamba. Sanduku likae limefungwa saa 24 hadi 48 ndani ya chumba kitakachotumika, ndipo lifunguliwe. Kisha ngoma isiegemezwe ukuta wa nje wala kuwekwa chini sakafuni: iinuliwe juu ya chaga, sentimita 15 angalau, ili mchwa waonekane mapema wakianza kupanda.

Ushauri wetu, kama vipimo vikionyesha sumu: ile ya zamani ipokewe kwa heshima zote na ikae mahali pake, na mafundi wawambe nyingine kwa vipimo vyake vilevile, hiyo ndiyo ipigwe. Wenye ngoma ndio waamue, lakini waamue wakiwa na majibu ya maabara mezani.

Si vitu viko salama zaidi hukohuko? (Mwanza mjini)

Mwaka 2023 British Museum ilikiri kwamba vitu takribani 2,000 vilikuwa vimeibwa, vimepotea au kuharibiwa ghalani mwake. Nasi pia tumeibiwa: kinyago cha Kimakonde kilichukuliwa kutoka Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, mwaka 1984 na kukutwa kwenye makumbusho ya Geneva. Kilirudishwa Tanzania mwaka 2010.

Kinyago hicho kiliibwa wakati mkataba wa kimataifa dhidi ya biashara ya vitu vya utamaduni vilivyoibwa ulikuwapo; ngoma iliyochukuliwa mwaka 1895 iko nje yake. Mkataba wa UNESCO wa mwaka 1970, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1977, haurudi nyuma. Yaliyotendwa na wakoloni yako nje yake. Ndiyo maana madai ya enzi ya ukoloni huenda kwa mazungumzo na ushahidi, na huchukua muda. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 uliipa Ujerumani miezi sita kurudisha fuvu la Mkwawa. Lilifika Kalenga mwaka 1954.

Na yule dinosaria wa Berlin? (Musoma)

Alichimbwa Tendaguru, Lindi, kati ya 1909 na 1913. Ni dai halali kulijadili, ila ni mifupa ya kisayansi, na njia yake ni tofauti na ya ngoma au kigoda.

Familia yetu ina kigoda cha mtemi. Mtu wa hoteli ana mgeni anayetaka kukinunua. Tufanyeje? (Kisesa)

Msiuze. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inavilinda vitu vya jadi vya aina hiyo, na kukitoa nje ya nchi bila kibali ni kosa. Umasikini wa nyumba tunauelewa, lakini mgeni akishapanda ndege, wajukuu wenu ndio watakaokuwa wanaandika Muansa kwenye kitafutio.

Kipigeni picha leo: mbele, nyuma, pande zote mbili, juu na chini ya kalio, rula ikiwa pembeni. Kisha picha ya karibu ya kila ufa, kiraka na alama ya kisu, kwa sababu alama hizo ndizo zinazokitofautisha na vigoda vingine mia. Andikeni urefu, upana, aina ya mti, nani alikikalia na nani anakitunza sasa. Nakala moja ibaki kwa familia, moja kwa ofisa utamaduni wa halmashauri, moja Bujora. Kikiibwa, toeni taarifa polisi siku hiyohiyo mkiwa na picha hizo, na mwombe ziingizwe kwenye orodha ya Interpol ya sanaa zilizoibwa. Bila picha na vipimo hakiwezi kuorodheshwa.