Kabla hujanunua Subaru Outback au Legacy ya mtumba, ikute injini ikiwa baridi

Juzi msomaji kaniandikia, kapata Outback ya 2007, anasema imetunzwa, rangi bado inawaka, na muuzaji anambana alipe kabla wikiendi haijaisha. Anauliza achukue? Ndugu yangu, subiri kwanza nikueleze yaliyonikuta mimi, maana mpaka leo yananiuma.

Nilipokuwa natafuta steshen wagoni inayovuta tairi zote nne nilipata Legacy moja nzuri kweli kwa macho. Nikamwambia muuzaji kwenye simu, tafadhali usiiwashe mpaka nifike. Nafika, naweka mkono juu ya boneti, ya moto. Eti ameisogeza tu. Gari ya kusogezwa mita mbili haipati moto ule jamani, nikamwambia basi tusubiri ipoe, akanuna lakini nikakaa. Ilipopoa ndo nikafungua mfuniko wa rejeta (usiufungue ikiwa ya moto, utaungua uso), juu ya maji kuna utando wa oili, na tenki dogo la akiba lina ukoko wa kahawia pembeni. Tukaiwasha ikanguruma weee mpaka ikashika moto sawasawa, mara mapovu yakaanza kupanda kwenye lile tenki, moja moja, halafu mfululizo. Hiyo ni hedi gasketi, ile inayoziba kati ya hedi (kichwa cha injini) na bloki, imekufa, presha ya kwenye silinda inapenya kuingia kwenye maji.

Nikasema sichukui. Yule bwana akanijibu mbele ya fundi wake na mdogo wangu kwamba sina hela, nimekuja kupotezea watu muda. Mdogo wangu naye akawa ananiita mjuaji kwa muda mrefu. Baadaye tukasikia aliyeichukua injini imeshushwa yote, na hakuna hata mmoja aliyekuja kuniambia ulikuwa sahihi.

Kwa hiyo wewe wa 2007, injini yako kama ni ile ya lita 2.5, EJ25, jua huo ndo ugonjwa wake mkubwa. Zile za mwisho wa miaka ya 90 zenye kamshafti (shafti zinazofungua valvu) mbili kila upande zilikuwa zinavujia ndani kama niliyoikuta mimi, zilizofuata zenye kamshafti moja mara nyingi zinavujia nje. Injini ya boksa silinda zimelala, kwa hiyo hutaona kitu ukiwa umesimama juu. Ingia chini na tochi, tazama mstari ambapo hedi inakutana na bloki, upande wa chini. Ukikuta unyevu umeshika vumbi jeusi, inavuja. Na ukikuta pamesafishwa panang'aa peke yake wakati chini kote kuna tope, hapo ndo uulize maswali mengi zaidi.

Halafu taiming belti, mkanda unaozungusha hizo kamshafti. Ratiba ya Marekani ni maili 105,000, kwingine wanasema kilomita 100,000, na ikikatika valvu zinagongana na pistoni. Omba risiti. Hakuna risiti, hesabu kwamba haijabadilishwa, na ukibadilisha weka na pampu ya maji mpya kwa sababu inazungushwa na belti hiyohiyo.

Miezi ya kutafuta sitawachosha nayo. Outback niliyonayo sasa niliipata kwa kukagua hivihivi, haijawahi kunichemkia, na wale walionicheka leo wananiomba niwasindikize kukagua za kwao. Watu mnapenda gari lakini hamtaki kuinama, mnaangalia redio na viti!

Tairi nazo wengi wanapuuza. Kwenye gari hizi zote nne ziwe saizi moja na zimelika sawa, mzunguko usipishane zaidi ya kama milimita 6, la sivyo klachi inayogawa nguvu mbele na nyuma inasuguana muda wote. Kata usukani mpaka mwisho, zunguka polepole kwenye uwanja mkavu. Ikijikaba kama kuna mtu kashika breki, klachi hiyo imeumia.

Anayetaka mpya zaidi asidhani kapona. Injini za FB, zilizoifuata EJ, za mwanzo zina cheni badala ya belti, sawa, lakini zilikula oili mpaka kesi ikafunguliwa Marekani, Forester za 2011 hadi 2014 zimo, Outback ya 2013 imo. Chomoa kijiti cha oili kabla hamjaiwasha, uone kama oili imepungua. Na giaboksi ya CVT (otomatiki isiyo na gia za hatua) ya Legacy na Outback za 2010 hadi 2015 Subaru wenyewe waliiongezea waranti kule Marekani mpaka miaka 10 au maili 100,000, na kampuni haiongezi waranti bure. Iendeshe mpaka ipate moto, kisha simama na kuondoka mara nyingi, ikitetemeka au ikitaka kuzima kila unapokaribia kusimama, mrudishie mwenyewe funguo.