Maswali ya Jikoni: Blenda ya Mkono, Ninunue au Niache?

SWALI: Hujambo, Mhariri wa Jikoni? Mimi ni mama wa watoto wawili na ninaishi Umoja, hapa Nairobi. Mwanangu mdogo ametimiza miezi sita na nimeanza kumpa chakula. Mama mkwe wangu, ambaye tunaishi naye tangu Desemba, hana meno ya nyuma, hivyo kila jioni inanibidi nimpondee chakula chake kwa mwiko. Jikoni kwetu kuna soketi moja, na nusu ya meza imechukuliwa na meko ya gesi. Mwenzangu wa kazini ananihimiza ninunue blenda ya mkono, ile yenye umbo la fimbo inayotumbukizwa ndani ya sufuria. Mume wangu anasema hiyo ni kupoteza pesa, kwa kuwa mwiko upo, kinu na mchi vipo, na juu ya kabati tuna blenda ya jagi tusiyoitumia sana. Nimsikilize nani? Msomaji, Umoja.

JIBU: Dada yangu, blenda ya mkono ina faida moja kubwa, na faida zake nyingine zote hutokana na hiyo: chakula hulainishwa palepale kilipopikwa, sufuria ikiwa bado mekoni. Kwa hiyo, kabla hujaenda dukani, hesabu kwa wiki moja ni mara ngapi umepakua chakula kilichoiva ukakitia katika chombo kingine ili ukiponde au ukisage. Ukipata mara tatu au zaidi, kifaa hicho kitakufaa. Ukipata mara moja kwa mwezi, mwiko unatosha na mume wako amesema kweli. Kwa jinsi ulivyoieleza nyumba yako, yenye mtoto anayeanza kula na mzazi asiyeweza kutafuna, nadhani hesabu itavuka tatu kabla ya Jumatano.

Wazo la kupeleka kisu ndani ya sufuria badala ya kupeleka chakula kwenye mashine lina umri mkubwa kuliko wengi wanavyodhani. Mswisi Roger Perrinjaquet aliliombea hataza mwaka 1950, na kifaa chake kikaja kuuzwa kwa jina la bamix, lililoundwa kutokana na maneno ya Kifaransa yenye maana ya kupiga na kuchanganya. Umbo halijabadilika sana tangu wakati huo: mota iko juu mkononi, mhimili mrefu unashuka, na chini kuna kisu kidogo kilichofunikwa kwa kikombe chenye matundu ubavuni. Kisu kikizunguka hukivuta chakula kutoka chini, hukikata, kisha hukisukuma nje kupitia matundu hayo, na ndiyo maana kifaa hufanya kazi vizuri zaidi katika chombo chembamba na kirefu kuliko katika sufuria pana yenye mchuzi wa kina cha vidole viwili.

Nikueleze kwa supu ya malenge, ambayo ninaipika karibu kila wiki. Malenge, karoti mbili, kitunguu na kipande cha tangawizi huchemka katika maji ya kuvifunika tu, mpaka uma uingie bila kusukumwa. Ninazima gesi, ninainamisha sufuria kidogo ili supu ijikusanye upande mmoja, kisha ninatumbukiza kichwa cha blenda mpaka matundu yote yazame, na hapo ndipo ninapobonyeza kitufe. Mwanzoni sauti huwa nzito na ya kukwaruza kwa sababu kisu kinakutana na vipande. Baada ya nusu dakika hivi hulainika ikawa mvumo mmoja usiokatika, nami najua kwamba hakuna kipande kilichobaki upande huo, nikahamia upande wa pili. Nikimaliza, naachia kitufe kwanza, nasubiri kisu kisimame, halafu ndipo ninapoinua. Tafadhali ushike mpangilio huo, kwa maana anayeinua kisu kingali kinazunguka hurusha supu ya moto hadi ukutani, na ikimwangukia mtoto aliyesimama kando itamchoma vibaya.

Blenda ya jagi haiwezi kukufanyia kazi hiyo kwa urahisi. Supu ya moto ikifungiwa ndani ya jagi hutoa mvuke, na mvuke ukikosa pa kutokea husukuma kifuniko. Ndiyo sababu mwenye jagi hulazimika kungoja chakula kipoe na kukisaga kidogo kidogo, kisha akipashe tena. Hata hivyo, usiitoe nyumbani blenda yako ya zamani. Juisi ya maembe ya watu wengi, barafu, na vipande vya nazi vinavyosagwa kwa maji ya uvuguvugu ili kukamua tui ni kazi zake hasa, na blenda ya mkono itakufa mapema ukiilazimisha kuzifanya.

Kuhusu mtoto, naomba unisikilize kwa makini zaidi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto aanze kupewa vyakula vya nyongeza akitimiza miezi 6 huku akiendelea kunyonya, na kwamba uzito wa chakula uongezwe kadiri anavyokua: hapo mwanzo kiwe kimepondwa na kizito, kufikia miezi 8 watoto wengi wanaweza kula vipande laini wanavyovishika wenyewe, na kufikia miezi 12 wengi wanaweza kula vyakula vya familia. Hivyo basi, blenda itakusaidia sana kwa miezi michache, lakini isigeuke sababu ya kumlisha mtoto wa mwaka mzima chakula cha majimaji. Usikizimue mpaka kitiririke. Kinapaswa kukaa juu ya kijiko bila kumwagika. Ndizi mbivu na parachichi hazihitaji umeme wowote, kwani uma unatosha. Blenda itumie kwa ndengu zilizoiva, kwa maharagwe ambayo maganda yake bado yanamsumbua, na kwa nyama iliyochemshwa mpaka ikaachana, ukiongeza vijiko viwili vitatu vya mchuzi wake ili kisu kipate kuvuta.

Mama mkwe wako ni jambo tofauti, na nafurahi kwamba umemtaja. Mtu mzima aliyekula githeri na nyama choma maisha yake yote hapendi kupewa chakula cha mtoto. Mpikie kile kile kinacholiwa na wote, chenye kitunguu, dhania na chumvi ileile, kisha upakue sehemu yake katika kikombe kirefu na kulainisha hiyo peke yake kwa sekunde chache, ili ibaki na ladha na uzito wa chakula chenu. Sukuma wiki ikatekate ndogo sana kabla ya kupika, la sivyo nyuzi za mashina zitajizungusha kwenye kisu.

Sasa nitakuambia mahali ambapo blenda hii itakuangusha. Usiitie kwenye mukimo hata siku moja. Viazi vina wanga uliofungiwa ndani ya chembe ndogo. Mwiko huziponda chembe hizo na kuacha nyingi zikiwa nzima, lakini kisu kinachozunguka kwa kasi huzipasua, wanga ukamwagika na viazi vikawa kama gundi inayovutika. Hapo mume wako ana haki kamili juu ya mwiko wake. Karanga kavu, kahawa na nyama mbichi pia si kazi yake. Kitunguu saumu na tangawizi kidogo kwa ajili ya mchuzi wa siku moja husagika haraka na vizuri zaidi katika kinu.

Ukiamua kununua, usidanganywe na wati. Tarakimu hiyo huonyesha umeme ambao mota inavuta. Haikuonyeshi ubora wa kisu wala uimara wa kiungo kinachoshikanisha mota na mhimili. Kwanza tazama mhimili: uwe wa chuma kisichopata kutu, kwa sababu wa plastiki huweza kupasuka au kujikunja ukizoea kutumbukizwa katika vyakula vya moto. Pili, ujaribu kuuchomoa mbele ya muuzaji, kwani mhimili unaochomoka huoshwa kwa maji na sabuni huku mota ikipanguswa kwa kitambaa tu. Pale Luthuli Avenue wauzaji wengi hukubali kukichomeka kifaa mbele yako. Kiwashe kwa sekunde chache, na ukisikia mhimili ukigonga au ukitikisika, rudisha. Angalia pia alama ya Shirika la Viwango la Kenya, na kibandiko kinachotaja volti 220 hadi 240. Jamaa wanaoishi Marekani hutuletea zawadi za namna hii kwa upendo, lakini kifaa cha volti 120 kikichomekwa moja kwa moja kwenye umeme wetu wa volti 240 huungua.

Kwenye kibandiko hichohicho, tafuta maandishi madogo kama “KB 1 min”. Maana yake ni kwamba mota isifanye kazi mfululizo zaidi ya dakika moja kabla ya kupumzishwa. Blenda yangu ya kwanza niliiua kwa kutojua hilo. Nilikuwa nikisaga ndengu nzito za wageni, nikashikilia kitufe kwa dakika nne au tano bila kuachia, mpaka mkono ukahisi joto na jikoni kukanuka waya ulioungua. Fundi aliifungua, akanionyesha nyaya za mota zilizokuwa nyeusi, akasema hakuna la kutengeneza. Lilikuwa kosa langu, na ninaumia nikikumbuka kwamba maandishi yalikuwepo muda wote chini ya kiganja changu.

Kuhusu gharama ya stima usiwe na wasiwasi. Blenda ya wati 600 ikitumika kwa jumla ya dakika mbili hula uniti 0.02, yaani uniti moja ya tokeni inatosha matumizi 50 ya namna hiyo. Kinachonihangaisha mimi ni ile soketi moja. Usiichomeke blenda kisha ukaiacha mezani ukienda kumwangalia mtoto, na usiguse kisu kwa kidole kutoa kilichonasa kabla ya kuchomoa plagi, kwa sababu kitufe kiko palepale ambapo mkono mwingine unashika.

Mwambie mume wako, kwa heshima, kwamba mwiko, kinu na jagi vyote vitaendelea na kazi zake. Mkikubaliana, chagueni ile ya kawaida yenye mhimili wa chuma, bila vikombe na mapigio ya ziada ambayo hayatapata pa kukaa katika jikoni lenu.

SWALI: Nina blenda ya mkono lakini sufuria zangu zote ni za alumini. Kila nikiitumia, uji na supu huwa na rangi ya kijivu. Je, tatizo ni blenda? Msomaji, Kayole.

JIBU: Kuna uwezekano mkubwa kwamba ni ule ukingo wa chuma wa kichwa cha blenda unaokwaruza alumini, nayo ni metali laini. Usikisimamishe kichwa juu ya kitako cha sufuria. Kiinue kiasi cha upana wa kidole huku matundu yakiwa yamezama. Vyakula vyenye uchachu kama nyanya na ndimu huila alumini vyenyewe, kwa hiyo hivyo vihamishie katika jagi la chuma kisichopata kutu au bakuli refu la udongo kabla ya kuvisaga. Sufuria zenye utando usioshika chakula nazo zinahitaji uangalifu uleule, kwa kuwa utando ukishachubuka hauna fundi. Na kama ni uji tu unaokusumbua kwa mabonge, koroga unga katika maji baridi kwanza kabla ya kuumimina katika maji yanayochemka, nawe hutahitaji kuichomeka blenda asubuhi.