Kabla hujachomoa diski, soma siriali namba

Juzi nilipita kwa vijana wawili waliowahi kufanya field chini yangu. Wamepata tenda ya kufunga mifumo kwenye ofisi ndogo ya wahasibu, wakaniita nikaone "bakapu" yao. Nikakuta NAS, yaani boksi la diski linalotunza mafaili ya ofisi nzima kupitia mtandao, ya diski mbili, 4TB kila moja, na skrini inasoma 7.2TB. Nikauliza RAID, yaani diski zimeunganishwa kwa mpango gani zifanye kazi kama moja: "Hii mmeiweka RAID gani?" Mmoja akajibu kwa furaha kabisa, "Ziro, kaka. Bosi alitaka nafasi yote aliyoilipia."

Nikaomba kiti. Ziro inagawa data kwenye diski zote mbili bila nakala: moja ikifa, vyote vimekwenda.

Wadogo zangu, sijakasirika. Nimechoka tu, maana huyo ni wa nne mwaka huu. Kwa hiyo naandika mara moja, na atakayeniuliza tena nitamtumia hii.

1. Acheni kuanza na jina la boksi. Kila mtu anakuja na "Synology au QNAP?" kama anachagua timu ya mpira. Nikimuuliza ofisi ina data kiasi gani leo, na kila mwezi inaongezeka kiasi gani, anakuna kichwa. Pima kwanza, piga hesabu ya miaka mitatu mbele, halafu ndipo uende dukani. Bajeti ikiruhusu chukua ya diski nne: 4TB mara nne kwenye RAID 5 unapata 12TB, na moja ikifa kazi inaendelea. Ya mbili kwenye RAID 1, ambako kila diski ni nakala ya mwenzake, nusu ya pesa inalala. Na tafadhali, diski ya 4TB ikisoma 3.6 usirudi dukani kugombana. Mwenye duka hajakuibia. Kiwandani wanahesabu kwa elfu, mashine inahesabu kwa 1024.

2. Diski za CMR, siyo SMR. SMR zinaandika mistari ya data ikipandiana kama vigae, kwa hiyo kuandika upya ni polepole; kwenye CMR haipandiani. Msiamini rangi ya stika wala neno NAS lililoandikwa juu yake, someni modeli namba mpaka herufi ya mwisho. Mwaka 2020 Western Digital wenyewe walikiri kwamba baadhi ya WD Red za 2TB hadi 6TB zilikuwa SMR, na watu walikuwa wameshazifunga kwenye NAS zao wakishangaa kwa nini kujenga RAID upya kunachukua siku na siku.

3. Angalieni swichi, kile kiboksi kinachounganisha kebo za mtandao wa ofisi. Mnanunua boksi zuri, mnalichomeka kwenye swichi ya megabiti 100 iliyokuwepo tangu ofisi inafunguliwa, halafu mnanipigia simu kwamba NAS ni mbovu. Hapo unapata megabaiti 11 kwa sekunde. Kujaza 4TB ni siku nne na ushee. Kwenye swichi ya gigabiti ni kama saa kumi.

4. RAID siyo bakapu. Najua mnalijua hilo. Hata mimi nilikuwa nalijua, nililiandika kwenye mtihani nikapewa maksi zote.

Nilikuwa mtu wa IT kwenye ofisi ya wapima ardhi. Wapima wakirudi site wanashusha data ghafi za GPS na picha za droni, wanamimina zote kwenye NAS, na kadi zinafutwa usiku uleule kwa sababu alfajiri zinatoka tena. NAS ilikuwa ya diski mbili, RAID 1. Kwenye ripoti kwa bosi niliandika "data zina nakala mbili". Nakala mbili hizo zilikaa ndani ya boksi moja, juu ya rafu moja, kwenye soketi moja.

Jumatatu moja boksi likaanza kulia. Diski namba 2 inakufa. Mungu anisamehe, nilifurahi, maana nilikuwa na diski ya akiba kabatini na wapima wote walikuwepo. Nilitaka waone diski inavyobadilishwa bila kuzima mashine. Sasa boksi lile nilikuwa nimelilaza ubavu ili liingie kwenye rafu. Nikahesabu kutoka juu kwenda chini, kama mtu anayesoma gazeti, nikavuta trei ya chini. Kumbe kwa jinsi lilivyolala, ya chini ndiyo ilikuwa namba 1. Ile nzima.

Mlio ukabadilika. Hapo nilitakiwa nizime kila kitu nitoke nje nikanywe maji. Diski niliyoishika ilikuwa na kila kitu ndani yake hadi sekunde ile niliyoichomoa. Kazi yote ya ofisi ilikuwa kwenye kiganja changu, salama salimini! Lakini watu sita wananitazama. Nikairudisha haraka kabla hawajashtuka. Mfumo ukaiona kama mgeni, ukaniuliza kama niiunganishe tena, na ukaonya kwamba data zilizomo zitafutwa. Onyo sikulisoma. Nilisoma kitufe.

Ikaanza kunakili kutoka kwa mgonjwa kwenda kwa mzima. Asilimia 9. Asilimia 10. Kwenye 11 mgonjwa akakata roho.

Fundi wa kuokoa data alirudisha vipande: picha zinafunguka nusu, nusu ya chini kijivu kitupu. Kazi za zamani tuliziokota kwenye laptop za wapima, kidogo huku kidogo kule. Iliyopotea yote ilikuwa ya kijiji kimoja upande wa Kilosa, wiki tatu za porini.

Mpima mkuu, tulimwita Mzee, hakunifokea. Aliniuliza tu, "Kijana, una buti?"

Nikadhani ananitania. Keshokutwa yake nilikuwa nyuma ya Land Cruiser pamoja na ngazi, maji na magunia. Mara ya kwanza walipopima, mashamba yalikuwa yamesafishwa. Sasa mvua zilikuwa zimenyesha, mahindi yako kifuani, droni ikipaa inaona kijani tu. Ikabidi kila bikoni, yaani jiwe la alama ya mpaka, itafutwe kwa miguu, na mwenye sururu na panga ni mtu wa IT. Watoto wa kijiji walinipa jina la "fundi kompyuta wa shambani", na wapima wakalipokea kwa mikono miwili. Jioni kambini Mzee alikuwa anashusha data kwenye laptop, anazinakili kwenye diski ya nje, anaifunga ile diski kwenye mfuko wa nailoni na kulala nayo chini ya mto. Kadi hafuti mpaka tufike mjini. RAID hakuwahi kuisikia.

Basi: andika siriali namba kwenye karatasi, bandika mbele ya kila trei. Mfumo unakutajia siriali ya diski inayokufa. Isome, ilinganishe, ndipo uguse.

5. Nakala 3, hifadhi za aina 2, 1 nje ya jengo. Kwa wahasibu wenu hao, diski mbili za USB zinazopokezana kila Ijumaa, moja inaenda nyumbani kwa bosi, zinatosha kuanzia. Snapshoti, yaani kumbukumbu ya mafaili yalivyokuwa saa fulani ili uweze kurudi hapo, washeni leo, kwa sababu katibu akifuta folda, RAID 1 inaifuta pande zote mbili kwa utiifu mkubwa.

6. Msifungue poti, yaani mlango wa kuingilia kutoka intaneti, kwenye ruta ili bosi aone mafaili akiwa safarini. Januari 2022 DeadBolt, programu ya kufunga mafaili na kudai fidia, iliingia kwenye vifaa vya QNAP vilivyokuwa wazi kwenye intaneti, ikafunga mafaili na kudai bitcoin 0.03 kwa kila mwenye kifaa. Bosi wekeeni VPN, njia iliyofungwa ya kuingia mtandao wa ofisi akiwa mbali. Akilalamika kwamba inamchelewesha, mpeni namba yangu.

7. UPS, ile betri ya akiba umeme ukikatika, na kebo yake ya USB ichomekwe kwenye NAS ili umeme ukikatika ijizime yenyewe. Kuna mmoja wenu alikuwa na UPS na ile kebo iko bado kwenye boksi, na nailoni yake. Simtaji.

Sasa nyie wawili: hamisheni hizo data, vunjeni hiyo ziro, jengeni upya. Ijumaa napita. Nitataja faili moja lolote la mwezi uliopita, nataka mlirudishe mbele yangu kutoka kwenye diski ya USB kabla chai haijapoa. Chapati mnanunua nyie.