Asidi hupenya utando au huvushwa?

Mwalimu wa baiolojia wa sekondari moja mjini Moshi anawaandalia wanafunzi maelezo ya Kiswahili kuhusu asidi za kikaboni, zile za limau, siki na maziwa mgando. Anauliza kama ni sawa kuandika kwamba asidi hizo "husafirishwa kupitia ukuta wa seli". Mwenzake anamwambia neno ni "hupenya" tu.

Mwalimu, ukuta uuache kwanza. Seli ya mmea inao, ya bakteria pia kwa kawaida, ila ya mnyama haina. Unaochagua nini kiingie na nini kibaki nje ni utando, wenye unene wa nanomita 7 hadi 8 hivi. Kwa unene huo "husafirishwa" ni neno kubwa mno. Liweke kwa sukari inayotoka jani hadi mzizi. Na "kupitia" inachosha siku hizi, kila kitu ni kupitia. Basi la Arusha kwenda Dar es Salaam hupitia Moshi. Hapo limekaa mahali pake.

Mwenzako yuko sahihi nusu. Molekuli ya asidi ya siki ikiwa nzima haina chaji, na utando kwa kuwa ni wa mafuta huiachia. Hiyo hupenya yenyewe. Ikifika ndani, ambako pH, kipimo cha uasidi, ni karibu 7, huachana na protoni yake (hidrojeni yenye chaji chanya) ikabaki asetati yenye chaji hasi. Sasa mafuta yaleyale yanaikataa, haitoki kirahisi. Hii ni sababu mojawapo ya siki kuzuia vijidudu kwenye achari.

Sitrati na malati, yaani ioni za asidi ya limau na ya tofaa, nazo zina chaji, hazipenyi bila msaada. Zinahitaji protini zilizopachikwa kwenye utando. Tendo limepata mtendaji, na Kiswahili kina mnyambuliko wake tayari: vuka, vusha, vushwa. Tunasema mtoto huvushwa barabara, bila "kupitia" wala "kwenye". Vivyo hivyo sitrati huvushwa utando wa vakuoli, mfuko wa maji ndani ya seli ya mmea, ikarundikana humo na kuchangia ukali wa limau. Protini yenyewe ningeiita kivushi.

Kuna watakaokushauri "hupenyezwa". Usikubali. Waliosema "penye udhia penyeza rupia" walijua kitenzi hicho kina siri ndani yake, na kivushi hakifichi kitu.

Kisha utenge "kusukuma". Limau halijazi asidi bure: kwenye utando wa vakuoli kuna pampu zinazotumia ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli, kuingiza protoni hata pale zilipokwisha kuwa nyingi. Kazi hiyo ina ukinzani, na "huvushwa" haiuonyeshi. Ningeandika hivi: "Asidi isiyo na chaji hupenya utando, ioni zake huvushwa na protini, protoni husukumwa na pampu kwa nishati ya ATP."