Ujumbe wa kosa si pambo: jibu kwa kijana wa Malindi

Juzi kijana mmoja wa Malindi ameniandikia: "Shikamoo ustadh. Nimetunga kilugha changu kwa Bison, sarufi imekubali vizuri, lakini mtu akikosea chochote kinajibu syntax error, basi. Nifanyeje?" Bison ni zana inayopokea sarufi ya lugha ya programu na kuzalisha kichanganuzi, yaani programu inayosoma msimbo na kuukagua; syntax error ni "kosa la sarufi".

Marahaba, mwanangu. Umeuliza jambo ambalo nina kinyongo nalo.

Hapa Lamu nafundisha watoto programu jioni wakitoka madrasa, kwa lugha niliyoitunga mwenyewe. Ina maneno "kama", "rudia", "andika", "mwisho", na machache mengine. Kichanganuzi kinazalishwa na Bison. Siku niliyowaonyesha wataalamu fulani kutoka bara, mmoja alicheka kuona muda ninaoutumia kwenye ujumbe wa makosa. "Hayo mapambo, mwalimu." Mapambo! Mtoto amesahau neno moja, mashine inamjibu kwa Kiingereza kisichomwonyesha hata pa kutazama, naye anaamini kasoro ni akili yake. Nimeona wanaofunga kompyuta na kwenda zao gatini kuogelea. Yule mtaalamu hajawaona.

Haya, kazi. Hakikisha una Bison 3.6 ya mwaka 2020 au mpya zaidi, kisha weka %define parse.error detailed kwenye faili yako ya sarufi. Hapo itataja ilichokikuta na ilichokitarajia. Tokeni zako, yaani vipande vya msimbo kama namba au neno, uzipe majina ya kibinadamu: %token NAMBA "namba", %token YYEOF 0 "mwisho wa faili". Usipofanya hivyo, mtoto atasomeshwa majina ya ndani ya msimbo wako. Ujue pia kwamba vinavyotarajiwa vikizidi vinne, Bison haitaji hata kimoja.

Mimi sikuridhika, nikahamia %define parse.error custom. Hapo unaandika mwenyewe function ya yyreport_syntax_error, na ndani yake unaita yypcontext_token kujua kilichokutwa na yypcontext_expected_tokens kupata orodha ya vilivyotarajiwa. Kwa Kiswahili njia hii ndiyo yenye raha. Ukibandika jina la tokeni mbele ya "haikutarajiwa", namba itakubali, lakini jina halikutarajiwa na mabano hayakutarajiwa, ngeli zitakuumbua. Geuza sentensi, mashine iseme yenyewe: "Nimekuta namba, nilitarajia jina au mabano." Umemaliza ugomvi.

Ongeza %define parse.lac full. Bila hiyo, kichanganuzi cha LALR, aina ambayo Bison huzalisha kwa kawaida, huweza kufanya upunguzaji kadhaa (kukunja vipande vilivyokwisha kusomwa kuwa kimoja kwa kanuni ya sarufi) kabla ya kugundua kosa, na orodha ya matarajio ikatoka na visivyofaa au ikaacha vinavyofaa. Ujumbe unaodanganya ni mbaya kuliko ujumbe bubu. Hili nalisema kila mahali na nitaendelea kulisema.

Kisha mahali pa kosa. Weka %locations, na leksa yako, ile inayokata msimbo kuwa tokeni, isasishe yylloc (mahali tokeni ilipo) kila tokeni inapopita. Ila hata hapo, mashine hulalamika inapokwama, na mara nyingi hapo si pale mtu alipoteleza. Aliyesahau kufunga rudia ataambiwa kosa liko mwisho wa faili. Kwa hiyo natunza rafu, rundo ambalo cha mwisho kuingia ndicho cha kwanza kutoka: kila "rudia" au "kama" ikifunguka, nasukuma nambari ya mstari wake, "mwisho" ikija, naitoa. Faili ikiisha na rafu bado ina kitu, watoto wangu husoma: "Faili imeisha, lakini rudia ya mstari wa 3 haijafungwa." Binti mmoja alisoma hivyo, akaguna, akapanda juu mpaka mstari wa 3, akarekebisha bila kuniita. Natamani yule bwana wa mapambo angekuwepo.

Enyi mnaotunga lugha, mwogopeni Mungu kwa hawa wanaoanza. Msiandike ujumbe wa kujifurahisha wenyewe. Msimkemee mtu. Msikisie asichokusudia: ukiwa huna hakika kwamba amesahau nukta mkato, sema ulichokiona na unyamaze.

Na wewe wa Malindi, anza kuhifadhi programu mbovu za wanaotumia lugha yako, kila moja na ujumbe unaotaka itoe, uzipitishe zote kila ukigusa sarufi. Mtafiti Clinton Jeffery alikwisha kuonyesha mwaka 2003, kwa zana yake Merr, kwamba ujumbe wa kichanganuzi cha LR (jamii ambayo LALR ni mmojawapo) unaweza kuzalishwa kutokana na mifano ya makosa kama hiyo. Zangu nyingi zimetoka kwa watoto wa mtaa wetu wa Langoni. Ukitaka nikutumie chache za kuanzia, niandikie.